Mama Vifuko: Maisha ya Dkt. Bibiana Mathew Mgaya

Baba Paroko, Mchungaji uliyeshuka kutoka Bumbuli, Shekhe Hatibu na ujumbe mzima wa Moa, wakubwa wote shikamooni, majirani wa Nguvumali, na ninyi mliokaa juani kwa sababu turubai halikutosha, familia imemtuma Ernesti, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya dada yake, na imemwonya asifupishe, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakupenda kazi iliyofupishwa.

Dkt. Bibiana Mathew Mgaya alizaliwa tarehe 14 Machi 1967, katika zahanati ya shamba la chai karibu na Amani, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Mathew Mgaya na mama Asteria, ambao walitoka Njombe wakiwa vijana kuja kuchuma chai, wakakusudia kukaa misimu miwili tu na kurudi kwao, wakakaa hadi walipozikwa huko huko mlimani. Alikulia kwenye kambi ya wafanyakazi, katikati ya Wabena, Waha, Wasambaa na Wabondei, akajua mapema kusalimia kwa lugha nne na kugombana kwa zote, na wale waliocheza naye, ambao baadhi yao tunawaona hapa leo, watakubali kwamba alikuwa mtoto msumbufu, si kwa utundu bali kwa maswali.

Swali moja lilimfuata maisha yake yote, na familia inaona ni haki lisimuliwe. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, mama Asteria alijikata kidole kwa panga la kupogolea michai, kidonda kikatunga usaha, akaenda naye zahanati, na mganga alipokikamua, Bibiana akauliza ule ugiligili wa manjano ni kitu gani, akajibiwa kuwa ni uchafu, naye akauliza tena uchafu umeingiaje wakati kidonda kilifungwa kitambaa safi tangu siku ya kwanza, na mganga, ambaye alikuwa na foleni mpaka nje, akamwambia akamngojee mama yake uani. Akaenda uani, lakini swali hakuliacha mlangoni.

Alisoma shule ya msingi huko huko Amani kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akafaulu na kujiunga na sekondari ya wasichana Korogwe mwaka 1982, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985, akaendelea na kidato cha tano na sita mkoani Kilimanjaro hadi mwaka 1988, akalitumikia taifa jeshini kwa mwaka mmoja kama ilivyokuwa sheria, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1989 kusomea sayansi ya viumbe. Ni huko chuoni alikopata jibu la lile swali la utotoni, kwamba usaha kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipigana na wadudu wa kidonda, na alipokuja likizo, kabla hata hajatua begi, alimwambia mama yake aliyekuwa anapepeta mchele, "Mama, ule haukuwa uchafu, wale walikuwa askari wako," na mama Asteria akamjibu kwamba amefurahi kusikia, sasa aje amsaidie kupepeta.

Alihitimu mwaka 1992, na tarehe 1 Julai 1993 aliajiriwa katika maabara ya kituo cha utafiti kilichokuwa Amani, hatua chache kutoka kwenye mashamba ambamo wazazi wake walikuwa bado wanachuma chai, na mzee Mathew, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha furaha yake hadharani, siku hiyo aliacha kikapu chake kileleni mwa shamba, akashuka akiwa na buti za tope hadi langoni mwa kituo, akasimama tu kumtazama binti yake akipita na koti jeupe, halafu akarudi kazini bila kumwita. Baadaye marehemu alihamishiwa maabara ya Tanga mjini, akasoma shahada ya pili kati ya mwaka 1999 na 2001, na shahada ya uzamivu nchini Uholanzi kuanzia mwaka 2005 hadi 2009.

Tarehe 26 Julai 1997 alifunga ndoa takatifu na mwalimu Lucas Shemboza, mwalimu wa hisabati, Msambaa na Mlutheri wa Bumbuli, baada ya mazungumzo marefu kati ya pande mbili kuhusu kanisa lipi, yaliyomalizika kwa makubaliano kwamba misa itakuwa ya Kikatoliki na kwaya itakuwa ya Kilutheri, na waliohudhuria wanasema kwaya ile iliimba kwa nguvu mno, kama iliyokuja kudai bibi harusi. Wakajenga nyumba hii mliyoketi mbele yake, na Mungu akawajalia watoto wawili, Jenifa, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2000, ambaye sasa ni mfamasia, na Mathew, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 2002, ambaye ni fundi wa umeme bandarini. Marehemu alipokuwa Uholanzi, mwalimu Lucas ndiye aliyebaki na watoto, akajifunza kupika makande ya kuliwa na mtu asiye Msambaa, akajifunza na kusuka nywele za Jenifa, na majirani wanaozikumbuka zile nywele wanaombwa wasimweleze mtu leo.

Sasa tufike kwenye kazi yake, kwa kuwa marehemu aliacha agizo kwamba msiba wake usipite bila watu kuelezwa. Ndani ya damu ya kila mmoja aliyekaa hapa mna chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, na kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba askari huyo akikutana na mdudu wa ugonjwa humla, basi, hadithi imekwisha. Lakini wataalamu wa nchi mbalimbali walikuja kutambua kwamba chembe hizo hutoa pia vifuko, vidogo kiasi kwamba darubini ya kawaida haivioni, na kila kifuko kimefungwa kwa utando ule ule wa chembe iliyokitoa na kimebeba sehemu ya silaha zake na habari zake, vingine vikienda kuziamsha chembe nyingine zije kusaidia, na vingine vikienda kuwang'ang'ania bakteria wenyewe, vikiwashikanisha mafungu mafungu hadi washindwe kuenea na iwe rahisi kuwala. Zamani vifuko kama hivi vilionekana kama vumbi tu ndani ya damu, vikamwagwa na maji ya kuoshea vyombo, na Bibiana alikuwa akisema, kwa ule ukali wake wa utani, kwamba binadamu ana tabia ya kuita uchafu kila kitu asichokielewa, kuanzia usaha wa mama yake.

Mwezi Februari 2012 alianza utafiti wake mkubwa huko Moa, karibu na mpaka wa Kenya, kwa sababu wanawake wanaolima mwani na wanaume wanaovua wa upande ule hukatwa miguu na matumbawe karibu kila siku, vidonda vikaingia chumvi na tope, na bado wengi wao hupona na kurudi majini, naye alitaka kujua kama vifuko vya chembe nyeupe vina mkono katika kupona huko. Mwenyeji wake alikuwa Bi Sabra, mkulima wa mwani na kiongozi wa kikundi cha akina mama, ambaye yuko nasi hapa mstari wa mbele, aliyetoa baraza la nyumba yake litumike kutolea damu, na ni yeye aliyeona jina la Bibiana linamkwama mdomoni, akambatiza Mama Vifuko, jina lililokaa hadi likaandikwa kwenye fulana mlizovaa leo.

Damu ya utafiti ule ilitakiwa kutolewa asubuhi kabla mtu hajala, na kila safari marehemu alituma neno siku moja kabla, na kila safari watu wa Moa waliitikia vizuri, haya mwanetu, inshallah, na alipofika na gari kutoka Tanga saa mbili asubuhi aliwakuta wamekaa kwenye mabenchi, wameoga, wamesukutua vinywa, wakimngoja kwa adabu zote. Alilinganisha damu yao na ya watu waliojitolea hapa mjini, na tarehe 20 Agosti 2014, mbele ya wataalamu mjini Dar es Salaam, akatangaza kwamba damu ya watu wa Moa ina vifuko vingi kupita kiasi, mara nyingi zaidi kuliko ya watu wa mjini, na kwamba huenda ndiyo siri ya vidonda vyao kupona. Magazeti yakaandika, redio zikamhoji, kazini ikasemwa waziwazi kwamba mkuu wa idara anayekaribia kustaafu atamwachia yeye kiti, na huko Moa kwenyewe vijana wa bodaboda wakawa wanajigamba mbele ya abiria kwamba damu yao imepimwa na mashine ikaonekana bora kuliko ya Watanga.

Mwezi Mei 2015, masika yalipoharibu barabara, marehemu alilazimika kulala Moa kwa Bi Sabra, na alfajiri alipotoka uani kunawa uso, alikuta sufuria mbili kubwa jikoni, moja ya mbaazi za nazi na nyingine ya mafuta ya kukaangia mahamri, na mikekani wamekaa wale wale waliotakiwa kutolewa damu asubuhi ile, wakila kwa raha zao, wakimaliza wanasukutua na kwenda kukaa kwenye mabenchi kumngoja. Alipouliza, Bi Sabra alishangaa kuulizwa, akamjibu, "Mwanangu, mtu atolewe damu na njaa? Akianguka hapa kwangu nitawaambia nini watu? Huo si utu." Marehemu akamkumbusha kwamba alituma neno wasile, na Bi Sabra akasema, "Ulituma, na tukaitikia, tungekubishiaje nawe mgeni wetu?" kisha akamwekea sahani mikononi.

Bibiana aliitazama ile sahani, tui lake zito likimetameta juu ya mbaazi, na hapo hapo akakumbuka kwamba miaka yote mitatu mirija ya damu ya Moa ilikuwa na ukungu mweupe ambao ile ya mjini haikuwa nao, kwa maana mafuta ya nazi mtu akiyala huingia damuni na kusafiri yakiwa vitone vidogo mno, vinavyokaribiana kwa ukubwa na vile vifuko, na mashine yake ya kuhesabia haikujua kutofautisha kitone na kifuko. Alichokuwa amekitangaza Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa, kilikuwa ni kifungua kinywa cha Bi Sabra. Aliila sahani nusu, akaiweka chini, na Bi Sabra aliiona ilivyobaki.

Njiani kurudi alimuuliza dereva wake, Sadalla, kama alijua kwamba watu wanakula, na Sadalla, ambaye kila safari alikuwa akipitia mlango wa nyuma na kutoka akilamba vidole, akasema, "Mama, nilidhani unajua, kwani mbaazi za Bi Sabra nani asiyezijua?" Marehemu alicheka hadi machozi yakamtoka, na Sadalla anasema hadi leo hana hakika kama yote yalikuwa ya kucheka. Wiki ile ile alijitolea damu yeye na mumewe, kabla ya kula mbaazi za nazi na baada ya kula, na mwalimu Lucas anasisitiza iandikwe kwamba huo ndio utafiti pekee wa mke wake aliowahi kuufurahia, lakini matokeo hayakuwa na mzaha, kwani damu yao ya baada ya kula, mbele ya mashine, ilikuwa damu ya Moa kabisa.

Ndugu waombolezaji, kosa lile hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa amelijua, na angeweza kukaa kimya, akapewa kiti chake, na maisha yakaendelea. Mmoja wa wakubwa wake, ambaye hatutamtaja kwa kuwa nia yake ilikuwa kumsaidia, alimshauri kwamba kama ni lazima aseme, basi aandike kuwa washiriki walikiuka maelekezo, ili jina lake libaki safi. Alikataa katakata, akasema hawezi kwenda kuwaambia watu kwamba Moa ilimdanganya, wakati Moa ilimpikia, na kwamba kukosea alikosea yeye, aliyetoa amri miaka mitatu bila kuuliza hata siku moja wanaamka saa ngapi na wanakula nini. Mwezi Oktoba 2015 alisimama katika ukumbi ule ule, akafuta matokeo yake kwa mdomo wake mwenyewe, akaeleza sababu yake yote, na walimcheka, tusifiche, kuna waliomwita Dokta Tui mpaka kwenye korido za ofisi, wafadhili wakasimamisha fedha, na kiti cha mkuu wa idara akapewa mtu mwingine.

Hayo yote aliyabeba. Lililomuumiza, na mumewe anajua jinsi lilivyomuumiza, ni habari zilizotoka Moa, kwamba vijana waliokuwa wakijigamba sasa wanataniwa njia nzima, na kwamba Bi Sabra aliposikia redioni amejifungia ndani, na alipokwenda kumwona, akapokelewa kwa heshima lakini bila hata kikombe cha chai, na Bi Sabra akamwambia akiwa ametazama pembeni, "Nimekuharibia kazi yako, mwanangu. Kwa mkono wangu hutakula tena, wewe wala watu wako." Mwanamke aliyelisha baraza zima kwa miaka mitatu bila kuombwa, akaona aibu ya kupika. Bibiana alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba kiti cha idara na kiende kwa mwingine, lakini ile sufuria ya Moa lazima irudi jikoni, na haitarudi mpaka kazi yenyewe irudiwe na iwe ya kweli.

Alifikiri muda mrefu namna ya kuwatoa damu watu ambao hawajala bila kuwavunjia utu wao, hadi siku moja Sadalla, akiwa anasugua gari, alisema tu kwamba mwezi unaokuja ni wa mfungo na safari zitakuwa ngumu kwake, na marehemu akaacha alichokuwa anafanya, akampigia simu Shekhe Hatibu wa Moa. Alimuuliza kama mtu aliyefunga akitolewa damu kidogo ya kupima saumu yake inabatilika, na Shekhe, ambaye hakupenda kujibu mambo ya dini kwa simu, akamwambia aje, akamsikiliza, na Ijumaa baada ya sala akawatangazia watu kwamba damu ya kupima haibatilishi saumu, aliye dhaifu asijikalifishe, na kwamba Mama Vifuko alikuwa na njia rahisi ya kuokoa jina lake kwa kuitia doa Moa, naye hakuipita njia hiyo, kwa hiyo atakayekuja na aje.

Katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2016, baada ya sala ya Alasiri, watu wa Moa walijipanga kwenye baraza la Bi Sabra, wenye vidonda na wasio na vidonda, wote hawakuwa wameonja kitu tangu daku, Shekhe Hatibu akiwa wa kwanza kukunja mkono wa kanzu, na Bibiana, Mkatoliki wa kambi ya chai, alifunga pamoja nao siku zote alizokuwa huko, kwa kuwa alisema haiwezekani yeye aliyeshiba awachome sindano wenye njaa. Damu ilipozungushwa kwenye mashine na kutulia, maji yake yalikuwa maangavu, rangi ya chai isiyokolea, wala ukungu haukuwepo, na aliyasogeza kwenye mwanga akayatazama muda mrefu. Jua lilipozama na adhana ya Magharibi kusikika, mlango wa jikoni ukafunguka, Bi Sabra akatoka na sinia la futari, akawapita wanaume, akampita Shekhe mwenyewe, akamwekea Bibiana sahani ya kwanza, akasimama mbele yake na mikono kiunoni, akasema, "Sasa hii uimalize." Akaimaliza.

Matokeo yalipotoka, idadi ya vifuko ilikuwa ndogo kuliko ile iliyoandikwa magazetini, na damu ya Moa haikuwa bora kuliko ya mtu yeyote, lakini vilivyobaki vilikuwa vifuko kweli, na ndani yake mlikuwa na jambo ambalo mafuta ya nazi yalikuwa yameliziba: vifuko vya watu wenye vidonda vibichi, ambao chembe zao zilikuwa zimekutana na bakteria, vilipowekwa pamoja na bakteria wa vidonda viliwashikanisha na kuwazuia wasiongezeke, na vile vya watu wasio na vidonda havikufanya hivyo, au vilifanya kwa udhaifu, kana kwamba askari hujua ni kifuko gani cha kutoa na wakati gani. Utafiti huo ulichapishwa mwezi Machi 2018, wataalamu wa nchi nyingine wakaurudia wakaona hivyo hivyo, na marehemu hakuacha kukumbusha kila aliyempongeza kwamba yeye hakugundua dawa, alionyesha tu mwili unavyopigana, dawa waitafute vijana. Tarehe 2 Januari 2019 aliteuliwa kuwa mkuu wa idara, na Dokta Tui likawa jina la heshima, akalitumia yeye mwenyewe kuwachekesha wanafunzi.

Kwa wanafunzi hao, ambao wengine leo wanaongoza maabara zao, aliacha desturi moja, kwamba kabla ya kumchoma mtu sindano, unamsalimia, unakaa, na unamuuliza amekula nini leo na nani amempikia, na unangoja jibu lake mpaka mwisho. Wenyewe wanaliita swali la Moa.

Mwezi Septemba 2023 marehemu alianza kuchoka bila sababu na kutoka michubuko mwilini, akapimwa, akaonekana ana saratani ya damu, ya zile chembe nyeupe zenyewe alizozitumikia, naye alipoambiwa alimwambia daktari kwamba askari wake wameasi, ila hawalaumu, wamefanya kazi miaka mingi bila likizo. Alitibiwa Dar es Salaam kwa vipindi mbalimbali, akapata nafuu ya mwaka mzima, akaenda Moa mara mbili kwa furaha, ugonjwa ukarudi mwanzoni mwa mwaka huu, na mwezi Mei 2025 akalazwa hapa Tanga, ambako wiki ya mwisho alikuwa hawezi kula chochote zaidi ya vijiko viwili vya uji.

Asubuhi ya Jumatano tarehe 11 Juni 2025, Bi Sabra alifika wodini kutoka Moa, amepanda bodaboda kisha basi, hotipoti amelipakata njia nzima, na ndani ya hotipoti mlikuwa na mbaazi za nazi na mahamri. Ilitokea kwamba muuguzi alikuwa ameagiza mgonjwa asile hadi atolewe damu ya kipimo, na Bi Sabra, kabla hajasema hata pole, aliuliza, "Mwanangu, damu yako imeshatolewa?" Bibiana akasema bado. Bi Sabra akaliweka hotipoti sakafuni, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu, akakaa, akasema, "Basi tutangoja."

Jenifa, aliyekuwepo, anasema mama yake alimtazama yule bibi kwa muda, akatabasamu kama ambavyo hakutabasamu tangu Krismasi, akamwambia, "Leo usingoje, Bi Sabra. Nipe." Akalishwa kwa mkono, tonge dogo dogo, bila haraka, na mtu aliyeshindwa uji wiki nzima akala sahani ile mpaka Bi Sabra akaifuta kwa kipande cha mwisho cha hamri. Muuguzi alipokuja na sindano, Bi Sabra akaanza kuficha hotipoti, lakini marehemu akamzuia, akanyoosha mkono wake, akamwambia muuguzi kwa sauti iliyosikika kitanda cha tatu, "Nimekula, binti yangu, na aliyenipikia ni huyu. Andika kwamba nimekula." Yule binti akaandika.

Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa tisa alasiri, mumewe na watoto wake wakiwa wamemshika, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Ameacha mume, watoto wawili, ndugu wanne, na jina ambalo familia hii italibeba bila kuinamisha kichwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Dar es Salaam na wa Tanga, na kwa namna ya pekee yule muuguzi aliyeandika bila kugomba, inawashukuru majirani wa Nguvumali, ambao tangu Alhamisi hawajaturuhusu kununua hata kiberiti, inawashukuru wakuu wa kazi, wafanyakazi wenzake na wanafunzi wake, ndugu Sadalla aliyemwendesha miaka yote na leo ameomba aendeshe gari lililombeba, na inawashukuru watu wa Moa, waliokuja na malori mawili, na akina mama zao wakiongozwa na Bi Sabra, ambao wako jikoni nyuma ya nyumba tangu alfajiri. Leo hapa hatolewi mtu damu, kwa hiyo tukitoka makaburini rudini wote, na asiondoke yeyote bila kula.

Dada Bibiana, umekula, na imeandikwa. Pumzika kwa amani.